Volontere wa kartiye akitaka kiti cha komini



Kijana wa namna hii tunamujua katika kila kartiye. Siku ya salongo yeye njo anafika wa kwanza na jembe yake. Mvua ikibeba kidaraja, anaita wenzake, wanatafuta mbao. Wakimbizi wa vita wakifika usiku, anapita nyumba kwa nyumba kuomba unga na nguo. Halipwi hata franka.

Siku moja mama mmoja wa sokoni anamwambia: "Mwanangu, jiandikishe, ukuwe mshauri wa komini." Na palepale wengine wanaanza: "Muliona? Kumbe alikuwa anatafuta kiti!"

Sisi tunasema wazi: kutaka kiti kile si usaliti. Mfereji unaweza kuuzibua na jembe. Lakini taksi ambayo yule mama analipa kila siku sokoni inaenda wapi? Jembe haliwezi kujibu. Baraza la komini njo linapitisha bajeti, na njo linachagua bourgmestre. Sheria inasema tena kwamba katika zile 40% za mapato ya Taifa zinazopaswa kubaki katika jimbo, 40% ziende kwa miji, komini, sekta na chefferie. Kama hakuna mutu wa kuulizia pesa hizo, tutaendelea kuchanga mbao sisi wenyewe kila mvua.

Lakini kiti chenyewe kiko wapi? Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, Wakongomani walichagua washauri wa komini. Ila ilikuwa tu katika miji mikubwa ya majimbo. Komini za mashambani, kama Oicha kule Beni, ziliachwa nje. Kivu Kaskazini na Ituri, état de siège ya Mei 2021 ilikuwa imekwisha kuweka wanajeshi na mapolisi kwenye viti vya raia. Mutu anatumikia kartiye yake miaka na miaka, na hata haki ya kushindwa kwenye uchaguzi hana!

Kwa wewe volontere unayetaka kiti: salongo ni ya wote, usiigeuze kampeni yako. Ukijiandikisha, achia wengine daftari na kasha ya kikundi. Usiseme tena kwa jina letu. Sisi hatuna mugombea. Na ukipata kiti, rudi kila miezi mitatu mbele ya kartiye, useme pesa ngapi ziliingia na zilifanya nini. Ukikula, tutakuja kukaa mbele ya ofisi yako vilevile kama tulivyokaa pamoja mbele ya ofisi ya wengine.

Kwa wewe mwenye kupiga kura: usimuulize "utatupatia nini?" Kitenge kinachakaa, chumvi inaisha, pombe inatoka asubuhi. Muulize: "Ulikuwa wapi wakati wa mvua?"

Kwa serikali na CENI: tunaomba kalenda ya uchaguzi kwa komini zote zilizobaki, na viti vya raia virudi kwa raia.

Demokrasia haianzie Kinshasa. Inaanzia hapa, kwenye mfereji wetu.

Tusilale!