Tope la mtaro lizolewe siku hiyohiyo

Mhariri,

Kero ya wakazi wa mabondeni Dar es Salaam ni hii: mitaro inazibuliwa, lakini tope linaachwa palepale ukingoni.

Katika mtaa mmoja wa Kigogo, kabla ya masika, vijana wa kazi walichimbua mchanga, chupa za plastiki na viroba vya taka, wakavirundika kando ya mtaro. Gari la kuzoa halikuja. Mvua ya kwanza ilirudisha kila kitu ndani, maji yakapanda barazani, na mama muuza chapati akakuta unga umelowa na jiko limejaa matope. Hasara hiyo atamdai nani?

Jiji haliwezi kusema halikujua hatari ya mafuriko mabondeni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya familia za Bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na bonde hilo. Hata hivyo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, bondeni humohumo, na barabara ya hapo hufungwa maji yakijaa.

Mipango mikubwa ya bonde inahitajika sana, ila kuzoa tope hakuhitaji kuisubiri.

Wahusika wajibu: nani anapaswa kuzoa, na lini? Wasomaji wa mitaa mingine nao waeleze hali ya kwao.

Msomaji,
Kigogo, Dar es Salaam