Kyela tusingoje yaliyoipata Ihefu

Mkulima wa mpunga hana sababu ya kumfukuza nyangenyange kwenye jaruba. Ndege huyo anakula panzi na vyura. Mwizi wa mpunga ni kwelea kwelea. Tatizo ni kwamba sumu ya kumuua mwizi haichagui ndege, na bonde likilimwa hadi ukingoni, bata maji na korongo wanakosa pa kutagia.

Wakazi wa Mkoa wa Mbeya wanaifahamu Ihefu. Maji yalipochepushwa mno kwenda mashambani, Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi tangu 1993. Wafugaji wakaondolewa Usangu 2006 na 2007, na 2008 bonde likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hasara iliwafika wafugaji, wakulima na ndege kwa pamoja.

Huku Kyela, matete ya midomo ya Kiwira, Mbaka na Songwe hayamo katika orodha ya Ramsar, mkataba ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Umefika wakati Halmashauri na serikali za vijiji ziweke alama za mita hizo, wakulima wakishirikishwa. Kuacha mita 60 leo ni nafuu kuliko kuhamishwa kesho.