Fisi Nyuma ya Wodi ya Wazazi

Asubuhi moja, katika kituo cha afya cha nyanda za juu za Kigoma ambacho sitakitaja, muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu ya usiku alinichukua hadi nyuma ya wodi ya wazazi kunionyesha nyayo. Mfuniko wa shimo la kondo la nyuma ulikuwa umepasuka tangu masika, na mtu alikuwa ameuziba kwa bati lililokandamizwa na jiwe. Bati lilikuwa limeburutwa hatua kama kumi. Udongo ulioko kando ya shimo ulikuwa umekanyagwa na mnyama mwenye vidole vinne na kucha zisizofichika. Mlinzi alisema ni fisi, na kwamba si mara ya kwanza kuja. Mhudumu mmoja akaongeza kwa sauti ya chini kwamba fisi huyo ana wenyewe.

Tangu siku hiyo nimesikia mara nyingi, hapa Kibondo na hata Kasulu, watu wakidai kwamba fisi wanaoingia mitaani wapigwe risasi mpaka waishe. Naielewa hofu hiyo. Hata hivyo naona kwamba tunamtazama mnyama na kuisahau njia iliyomleta, na kwamba sisi watumishi wa afya tumechangia kuitengeneza njia hiyo.

Wilaya ya Kibondo ni jirani wa Pori la Akiba la Moyowosi, na fisi ni mnyama awezaye kutembea makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Si ajabu basi kumsikia mjini. Wazee wa Buha wanakumbuka simulizi za wakati ambapo jambo hili lilitatuliwa kwa kuwahamisha watu. Kuanzia mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliwakusanya wakazi wa maeneo haya katika makazi maalumu ili kuwatenga na mbung'o waenezao malale. Pale watu walipoondoka, kichaka kilirudi, na wanyama wakarudi pamoja nacho. Leo hali imegeuka. Vijiji vimepanuka, wakimbizi kutoka Burundi wamepokelewa kwa vipindi mbalimbali, ikiwemo Kambi ya Nduta iliyofunguliwa upya mwaka 2015, na miti imekatwa kwa ajili ya kuni na mashamba. Hakuna tena mahali pa kumhamishia mtu, wala sidhani kama kuna anayetaka kuhamishwa.

Kwa hiyo tutaishi naye karibu. Swali ni kwa masharti gani.

Wapo waliokwisha kulijibu. Katika mji wa Harar, nchini Ethiopia, ukuta wa kale una matundu ya kupitia fisi, nao huingia usiku na kula mabaki ya nyama. Katika mji wa Mekelle, nchini humo humo, watafiti walichapisha mwaka 2021 makadirio kwamba fisi huondoa takriban tani 207 za mizoga kwa mwaka, na kwamba kazi hiyo huzuia maambukizi matano ya kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe kwa binadamu, na 140 kwa mifugo. Maambukizi matano yaweza kuonekana machache, lakini yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kimeta hatayadharau.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba namwona fisi kuwa bwana afya wa kujitolea. Mkoani Simiyu, hasa Wilaya ya Itilima, kati ya mwaka 2024 na mwanzoni mwa 2025 fisi waliua watu, wengi wao wakiwa watoto, hata Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, yaani TAWA, ikaendesha msako. Katika mji wa Ongata Rongai, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, wakazi waliandamana mwaka 2023 baada ya mashambulizi ya namna hiyo. Mzazi aliyemzika mtoto hatutamfariji kwa hesabu za tani za mizoga. Fisi aliyekwisha kuzoea kushambulia watu hana budi kuondolewa, na kazi hiyo ni ya TAWA, si ya kundi la vijana wenye mapanga wanaojiweka katika hatari ya kung'atwa.

Lakini turudi kwenye minong'ono. Huko Simiyu zilienea habari za fisi waliouawa wakiwa na alama mwilini, na wengi wakahitimisha kwamba wanafugwa na wachawi. Sibishani na imani ya mtu. Ninachokijua kama tabibu ni kwamba aliyeng'atwa na fisi "mwenye wenyewe" hupelekwa kwanza kwa mganga, na hufika kwetu siku ya tatu au ya nne, jeraha likiwa limepakwa majivu. Siku hizo ndizo virusi vya kichaa cha mbwa huzihitaji ili vianze safari ya kuelekea kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, hatuna dawa.

Ndugu msomaji uliye mgonjwa au mzazi, ukiumwa na fisi, bweha au mbwa usiyemjua, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda kituoni siku hiyo hiyo. Iwapo damu inatoka kwa nguvu, kandamiza kwa kitambaa safi, uende bila kusubiri. Nasi tunaopokea tusisahau tofauti moja: mbwa wa jirani anaweza kuchunguzwa kwa siku kumi huku chanjo ikiwa imeanza, lakini fisi aliyekimbilia gizani hachunguzwi. Chanjo ianze mara moja na dozi zote zikamilike, jeraha lililopenya ngozi lipate pia kingamwili za kichaa cha mbwa, pepopunda ikumbukwe, na tusikimbilie kushona. Andika katika jalada mnyama, mahali na saa. Familia itakapofuatilia kifuta machozi serikalini, maandishi hayo yatakuwa ushahidi wao.

Tena tuwe wakweli kuhusu ni nani anayetuua zaidi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kichaa cha mbwa kiliua takriban watu 1,500 kwa mwaka nchini Tanzania, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Mbwa huyo tunamjua kwa jina, analala uani, na mara nyingi hajachanjwa. Sijapata kusikia mkutano wa kijiji uliojaa hasira kwa sababu yake.

Wahenga walisema: fisi akila muwele, mzima funga mlango. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini methali hiyo inamshauri mzima peke yake, wala haiulizi nani alimwacha muwele nje. Shimo la kondo lisilo na mfuniko, taka za wodi zilizorundikwa kando ya tanuri lisilowaka, jamaa wa wagonjwa wanaolala uwanjani kwa kukosa banda: hayo ndiyo mlango ulio wazi, na ufunguo tunao wenyewe. Zaidi ya hayo, mama aliyejifungua kwetu ametuamini kwamba kondo lake litahifadhiwa kwa heshima. Sikuweza kumweleza yeyote kati ya mama waliolala wodini asubuhi ile kilichotokea, na mpaka sasa sijui kama nilifanya vema kunyamaza.

Mfuniko mpya wa zege ulitengenezwa na fundi wa mtaani kwa muda wa siku mbili, ukiwa na tundu dogo lenye kizibo cha chuma. Banda la jamaa wa wagonjwa bado tunaliomba. Mlinzi ananiambia kwamba fisi angali anapita nyakati za usiku wa manane, hunusa kidogo kwenye uzio, kisha huendelea na safari kuelekea machinjioni, ambako hakuna mfuniko wala uzio.