Hamu Hakulaaniwa

Bado tunasikia, hata mimbarani, kwamba sisi ni weusi kwa sababu Hamu alilaaniwa. Wapendwa, fungueni Mwanzo 9:25. Anayelaaniwa na Nuhu ni Kanaani. Kushi, ndugu yake, hakuguswa, na rangi ya ngozi haitajwi kabisa.

Rangi imetoka katika simulizi za marabi. Talmudi ya Babeli, katika Sanhedrini, yasema Hamu aliadhibiwa katika ngozi yake kwa kulala na mkewe safinani. Marabi walipenda kujaza mapengo ya Maandiko kwa hadithi, na nyingine ni tamu, hatugombani nao. Tunagombana na waliozifanya hati ya kuuzia watumwa.

Kisha Wazungu wakaigeuza. Speke mwaka 1863 aliandika kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa asili yao ni Ethiopia; baadaye wakaitwa Wahamu, bora kuliko majirani zao. Mwaka 1992 Léon Mugesera alihutubu huko Rwanda kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera. Mwaka 1994 maiti zilipita Rusumo, hapa kwetu Ngara.

Mhubiri akiileta tena laana hiyo Bugarama, mwombeni awaonyeshe aya.