Tusiwafiche Watoto Habari za Mauti

Iko desturi moja vijijini mwetu ambayo watu wengi wema huishika, nami nataka kuipinga waziwazi. Mtu akifa nyumbani, watoto hupelekwa upesi kwa jirani. Wakirudi na kuuliza, "Mama yu wapi?" huambiwa, "Amesafiri," au "Amelala," au "Mungu amemchukua kwa kuwa alimpenda mno." Wakubwa hudhani wamewahurumia. Mimi nasema huo ni uongo, nao huongeza msiba juu ya msiba.

Tazameni matunda yake. Nilimfundisha mtoto wa darasa la pili aliyeambiwa mama yake amesafiri. Kila jioni aliketi kando ya barabara akitazama watu washukao garini. Siku moja aligombana na wenzake kisimani, wakamwambia, "Mama yako yumo kaburini nyuma ya migomba, sote twajua isipokuwa wewe." Akakimbia kwa bibi yake kumwuliza, naye bibi akanyamaza. Tangu siku hiyo hakusadiki neno la mtu mzima. Shangazi yake akiaga kwenda gulioni, alimshika nguo akilia. Maana kwake yeye asafiriye harudi tena.

Aliyeambiwa kwamba mama amelala huogopa kufumba macho usiku. Na aliyeambiwa kwamba Mungu amemchukua mama kwa kumpenda, humwona Mungu kuwa mnyang'anyi, akaogopa kuwa mwema asije naye akapendwa hivyo. Je, hiyo ndiyo huruma?

Labda mtu atasema, "Mtoto mdogo hana akili ya kufahamu mauti." Mwaka 1948 Maria Nagy alitoa habari za watoto wa Budapest, nchi ya Hungaria, aliowauliza juu ya jambo hili. Aliona kwamba walio chini ya miaka mitano mara nyingi hudhani mfu amekwenda mahali au amelala, na aweza kurudi. Wataalamu waliofuata wameonyesha kwamba wengi hutambua kati ya miaka mitano na saba kuwa mfu harudi. Basi yule mdogo amekwisha kudhani mwenyewe kwamba mama amesafiri. Nasi badala ya kumsahihisha, twalitia nguvu kosa lake!

Mwingine atasema, "Lakini hata Maandiko husema wafu wamelala." Ni kweli. Lakini kumbukeni habari za Lazaro. Bwana alipowaambia wanafunzi kwamba amelala, watu wazima wale walidhani ni usingizi wa kawaida. Ndipo alipowaeleza waziwazi kwamba amekufa. Tena huko Bethania alilia mbele ya watu, ingawa alijua atamfufua rafiki yake. Ikiwa mitume walihitaji neno lililo wazi, sembuse mtoto wa miaka sita? Tumaini la ufufuo haliondoi haja ya kusema kweli; bali humfaa yule aliyekwisha kuambiwa kweli.

Na yuko atakayesema, "Moyo wangu hauwezi." Huyu namhurumia, lakini na awatazame waliokuwa na mzigo mzito kuliko wake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watoto wengi sana walifiwa na wazazi, huko na nchi jirani. Basi katika miaka ya 1990, kina mama wa Uganda wenye ugonjwa huo walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: jinsi mtoto alivyozaliwa, jamaa zake ni nani, na mama anaugua nini. Wanawake hao waliokitazamia kifo chao wenyewe hawakuficha. Je, sisi tuliobaki hai tutaficha?

Basi yatupasa kufanya nini? Ndugu wa karibu, ampendaye mtoto, amketishe na kumwambia: "Mama amekufa. Mwili wake haupumui tena, hauli, wala hauoni maumivu. Hatarudi. Si kwa kosa lako. Utakaa na shangazi, na ndugu zako watakuwa mahali fulani." Neno hilo la mwisho ni kubwa, maana mara nyingi matanga yakiisha twawagawanya watoto kama vyombo bila kuwaambia neno. Akitaka kwenda mazikoni, aelezwe kwanza atakayoyaona, kisha ashikwe mkono na kwenda. Asiyetaka asilazimishwe.

Nasi waalimu tusiwe wagumu. Huzuni ya mtoto huja na kupita kama manyunyu: sasa acheza, baadaye alia. Akikojoa kitandani, akiumwa tumbo bila ugonjwa, au akisahau masomo aliyoyajua jana, msimwite mvivu, wala msimpige. Mwulizeni habari za mama yake, mkamsikilize hata amalize.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na afichaye kifo chenyewe ataumbuliwa na nini? Ataumbuliwa na mtoto wake, siku atakapoijua kweli kisimani. Enyi wazazi, ni heri aisikie kwenu, akilia mikononi mwenu.