Ngumi Isiyovunja Mbavu

Ukiketi katika mkutano wa wazazi pale Rongo, au katika baraza la chifu kule Oyugis wiki moja baada ya wanafunzi kuchoma bweni, hutakosa kusikia neno hili: ni hizi picha. Watoto wanatazama sinema za damu, ndiyo maana wamekuwa wakatili. Mchungaji ataunga mkono, mwalimu mkuu ataitikia kwa kichwa, na mwenye kibanda cha video ataanza kuukagua mlango kwa jicho. Kisha itatolewa dawa, nayo ni ileile kila mwaka: ziondolewe zenye damu, watoto waachiwe zile safi, za Spider-Man na Avengers, ambazo hata babu anaweza kuzitazama na mjukuu wake pasipo mtu kufumba macho.

Hapo tumemkamata mpita njia, mwizi akaenda zake.

Sisemi kwamba picha haifundishi kitu. Inafundisha, na inafundisha sana, hasa picha za mashujaa wa vibonzo, kwa kuwa ndizo zinazopendwa na watoto kuliko zote. Ninachosema ni kwamba tunaogopa kisichostahili kuogopwa. Damu, ikionyeshwa mahali pake, haimdanganyi mtoto. Kinachomdanganya ni pigo zito lisiloacha jeraha, na pigo hilo ndilo mtaji wa picha tunazoziita safi.

Chukua The Avengers ya 2012. Jeshi kutoka anga za mbali linaivamia New York, maghorofa yanapasuliwa mchana wa kazi, na mambo yakiisha mashujaa wanaketi kula shawarma. Man of Steel ya 2013 inaubomoa mji ili wanaume wawili wamalize ugomvi wao. Katika The Dark Knight ya 2008, Joker anasimamisha penseli mezani, anakipigiza kichwa cha mtu juu yake, penseli inatoweka na mtu anaanguka. Hakuna tone. Watazamaji wanacheka, na wametengenezewa wacheke. Zote tatu zilipewa Marekani alama ya PG-13, ile inayomfungulia mtoto mlango na kumshauri mzazi awe mwangalifu.

Afrika nayo imepewa nafasi yake humo, nafasi ya kuwa uwanja wa kupigania. Katika Age of Ultron ya 2015, Hulk na Iron Man wanapigana katikati ya Johannesburg, na Iron Man anauliza jengo moja linaweza kununuliwa upesi kiasi gani kabla ya kumpitisha mwenzake ndani yake. Katika Civil War ya 2016, mapigano ya sokoni Lagos yanaishia kwa mlipuko unaoua. Kwa haki niseme kwamba picha hii inajaribu kuwakumbuka wafu. Lakini mama anayepewa nafasi ya kumkabili tajiri huyo mwenye suti ya chuma ana mtoto Mmarekani aliyefia nchi nyingine, na wafu wa Lagos wanaotajwa kwa uchungu ni wageni kutoka Wakanda, nchi ya kubuni. Mama wa Lagos mwenyewe, mwuza nyanya, hana msemaji.

Hata Black Panther, ambayo ilizinduliwa Kisumu Februari 2018 na tukajaa kifua kwa ajili ya Lupita, haikuponea hapo. Killmonger, adui wa shujaa humo, ana makovu mwili mzima, kila kovu ni mtu aliyemuua. Tunaonyeshwa idadi, hatuonyeshwi watu. Nilipenda picha ile na bado naipenda, lakini nikiulizwa ni makovu ya nani, sina jibu, na mtengenezaji naye hakutaka niwe nalo.

Ukavu huu wa mapigo yasiyo na damu haukuja kwa bahati. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu huko Marekani kilichodai kwamba vibonzo vinawageuza watoto kuwa wahalifu. Seneti ikakaa kusikiliza, wachapishaji wakaingiwa na hofu, na mwaka huohuo wakajiwekea kanuni: pasiwe na maiti za kutisha, pasiwe na damu ya kumwagika ovyo, na wema ushinde kila mara. Miaka karibu 60 baadaye mtafiti Carol Tilley alipoyapekua makaratasi ya daktari yule, alionyesha kwamba Wertham alikuwa amepindisha maelezo ya watoto aliowahoji. Kitabu kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake. Angalia kanuni ile ilichofuta na ilichobakiza: ngumi zilibaki, mabomu yalibaki, kilichoondoka ni matokeo yake.

Sinema zilipochukua vibonzo zilirithi ukavu huo, kisha biashara ikauimarisha. Alama ya PG-13 iliundwa 1984. Picha ikipata alama ya juu zaidi, kijana wa chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima, na tiketi zake zinapotea. Kwa hiyo kampuni inapunguza damu ili imwingize mtoto, wala haina haja ya kupunguza mapigo. Mwaka 2013 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti kwamba ukatili wa bunduki katika picha za PG-13 ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu tangu 1985, hata kuupita ule wa picha zilizowekewa watu wazima. Baraza letu la Oyugis linarudia maneno ya Wertham bila kumjua, na dawa linayotaka imeshanywewa kwa miaka 70.

Sisi wa Homa Bay na Migori tunapaswa kuwa wa mwisho kuukubali uongo huu, maana hadithi tulizolelewa nazo haziusemi. Vijana wa vibandani wana msemo kwamba steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Wetu hufa. Luanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikimgonga na kuanguka. Superman mwenyewe angemwita ndugu. Lakini hadithi nzima inageukia siku alipougua, mkewe aliyetoka kwa adui akachanja kivuli chake kama alivyoagizwa, na damu ikatoka. Ondoa damu ile, hadithi inakufa. Vukeni Mbita mwende Rusinga mkaone kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Limejengwa kwa umbo la risasi. Waliolijenga hawakutaka mgeni aondoke pale bila kujua kilichomuua.

Sasa waketishe watu waliolelewa hivyo mbele ya Infinity War ya 2018. Kwa mlio mmoja wa vidole nusu ya viumbe wanageuka vumbi. Hakuna mwili, hakuna jeneza, hakuna kesha, hakuna shemeji anayegombania kaburi lichimbwe upande gani wa boma. Mwaka uliofuata, katika Endgame, wanarudi. Haya yanaonyeshwa kwa jamii ambayo mwaka 1987 ilifuatilia kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno mpaka mwisho, mwili wake ukisubiri miezi mitano kuzikwa. Watu wanaojua kwamba mfu ana uzito wanaambiwa kwamba picha isiyo na mfu ndiyo inayofaa watoto wao, nao wanakubali!

Juni 2025 tuliletewa nyumbani tofauti kati ya pigo linaloonyeshwa na jeraha lake na pigo lililofutiwa jeraha. Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31 aliyekuwa akiandika mtandaoni, alikamatwa kwao Homa Bay tarehe 7 na kusafirishwa hadi Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi wakatangaza kwamba alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli.

Lisome tangazo lile tena. Kuna ukuta, kuna kichwa, hakuna aliyepiga. Ni mantiki ya picha za vibonzo kabisa: humo vichwa hugonga kuta kila baada ya dakika chache, na kwa kawaida kinachopasuka ni ukuta. Aliyetunga maelezo yale alitegemea umma usiojua, au usiotaka kujua, kichwa cha binadamu huwaje kinapokutana na nguvu. Wakaja wapasuaji maiti watano, Dkt. Bernard Midia akiwa msemaji wao. Walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingoni, na majeraha mengine sehemu nyingi za mwili, wakasema hayafanani na ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa tangazo lile, na baadaye maafisa wa polisi na wengine wakashtakiwa kwa mauaji.

Ripoti ya upasuaji huanza kwenye jeraha, ikarudi nyuma mpaka kwenye mkono. Picha ya PG-13 huanza kwenye mkono na kuishia hewani. Ya kwanza ilikuwa mbaya kuisikia, na kila mzazi aliyeisoma kwa sauti nyumbani alitamani kuruka mistari. Hata hivyo ndiyo iliyouvunja uongo. Tungekuwa na picha safi peke yake, ya ukuta na kichwa, mpaka leo tungekuwa tunaambiwa kijana alijiua.

Siku moja kabla ya maziko ya Ojwang waombolezaji waliupeleka mwili kituo cha polisi cha Mawego, na kituo kikachomwa. Sisifu moto ule. Lakini nilicheka kwa uchungu niliposikia mtu akisema vijana wale wameharibiwa na muvi. Muvi gani? Walikuwa wamebeba jeneza. Kama kuna mahali wanapojifunzia kwamba mwili wa mtu unaweza kupigwa na mpigaji aende zake, ni kwa wanasiasa wanaowakodi kuvuruga mikutano ya wapinzani kwa malipo ya siku moja, na ni kwenye seli. Hakuna baraza lililowahi kuitishwa kuzizuia picha hizo.

Kama mzazi anataka picha ya vibonzo inayosema kweli, ipo, na ndiyo ambayo angekuwa wa kwanza kuizima. Logan ya 2017, ya mwongozaji James Mangold, ina damu nyingi. Makucha ya shujaa wake, Logan au Wolverine, ambayo kwa miaka 17 yalikuwa yakipita hewani kama visu vya plastiki, humo yanakata. Lakini mzee Logan anachechemea. Vidonda vyake havifungi. Anamzika profesa wake kwa mikono yake, kisha yeye mwenyewe anakufa na watoto wanamchimbia kaburi. Na msichana Laura, anayeua kwa ustadi wa kutisha, anaambiwa waziwazi na Logan kwamba atalazimika kuishi na jambo hilo. Sijui mahubiri dhidi ya ukatili yaliyonifikia kwa nguvu hiyo. Simwekei mtoto wa miaka minane picha ile. Wa miaka 16 nitaketi naye.

Si kila damu inafundisha, nakubali. Deadpool ya 2016 inamwaga damu kuliko Logan, lakini shujaa wake akikatwa mkono unaota, na kila kichwa kinachoruka ni utani. Hiyo nayo ni picha kavu, iliyopakwa rangi nyekundu tu. Kipimo si damu ipo au haipo. Kipimo ni kama aliyepigwa anaendelea kuwa mtu baada ya kupigwa: anaumwa, analilia nani, nani anamsubiri nyumbani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani Bodi ya Uainishaji wa Filamu itatuokoa kwa kukaza kamba. Mwishoni mwa Aprili 2018, siku zilezile Infinity War ilipokuwa ikiingia katika majumba ya sinema duniani, bodi hiyo ilipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili. Unaweza kuiunga mkono marufuku ile; mimi naipinga. Lakini kumbuka kwamba ndani ya Rafiki kuna kundi la watu wa mtaa linalowapiga wasichana hao, na nyuso zao baadaye zinaonyesha kuwa wamepigwa. Katika wiki ile, picha iliyoonyesha kipigo cha Kikenya kilivyo ilifungiwa, na ile iliyofuta nusu ya ulimwengu ikauziwa bisi.

Basi bodi ibaki na alama zake, za watu wote, za mwongozo wa mzazi, za 16 na za 18, lakini katika ushauri wake iongeze mstari mmoja: humu waliopigwa wanaonekana tena, au hawaonekani. Watafsiri wa vibandani, ninyi mnaofuata nyayo za DJ Afro, mna kipaza sauti juu ya kila pigo. Askari asiye na jina akirushwa kutoka ghorofani, mpeni jina na mtuambie ameacha watoto wangapi. Na wewe mzazi wa Awendo au Kendu Bay, usiizime televisheni. Vuta kiti uketi na mwanao, na kila jengo linapoanguka muulize: ndani mlikuwa na nani?