Breki Kabla ya Rangi



Ndugu msomaji, shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Swahaba zake. Juma lililopita wazazi wawili wa hapa Kawe waliniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali moja: je, ni vyema kumwachia kijana anunue gari kuukuu la spoti na kulitengeneza mwenyewe uani? Mmoja aliliona jambo hilo kuwa ni kutupa mali. Wa pili alikuwa akimshukuru Mola kwa kuwa mwanawe hashindi tena kijiweni. Niliwaahidi kuwajibu hapa, na jibu langu linapitia katika kisa ambacho mimi mwenyewe nimo ndani yake, tena simo upande wa sifa.

Kijana ninayemkusudia ni fundi wa viyoyozi, mwenye umri wa miaka 26, na amenipa ruhusa ya kusimulia maadamu jina lake silitaji. Miaka miwili iliyopita alinunua Toyota Celica ya mwaka 2000, gari la milango miwili lililokuwa limeachwa chini ya mwembe kwa muda mrefu. Magari ya umbo lile yalitengenezwa kati ya 1999 na 2006, kisha yakakoma. Kwa hiyo hata lililo changa kuliko yote limekwisha kuwa mzee. Nasi wa Kawe tuna bahari jirani, na hewa ya chumvi haina huruma na bati. Gari lile lilikuwa na kutu chini ya milango, taa zimepata ukungu, na panya walikuwa wamezaa ndani ya viti.

Kwanza niseme wazi: kazi yenyewe haina aibu. Tumefundishwa kwamba Nabii Daudi (a.s.), pamoja na ufalme wake, alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Tena katika Suratu Sabai tunasoma kuwa Allah alimlainishia chuma, akamwamrisha atengeneze nguo za vita na azipime pete zake barabara. Ndugu msomaji, lizingatie jambo hilo la kupima. Deraa ni vazi la kuokoa uhai, na pete moja iliyolegea humuua aliyelivaa, hata kama zilizobaki zinang'aa.

Kurudisha gari kuukuu barabarani nako si jambo geni katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa mwaka 1965 na Joginder Singh na nduguye Jaswant, Wakenya wenye asili ya Punjab, wakiendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi aliyelelewa katika gereji ya babaye. Barabara zile za tope na mawe hazikuuliza gari lina umri gani. Ziliuliza limefungwa vipi.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Alianza na yanayoonekana. Alilipiga rangi nyekundu, akanunua rimu pana za mtumba, akakata springi ili gari likae chini, kisha akaliondoa mafla na kuweka ekzosi iliyonyooka. Hilo la mwisho ndilo lililomleta mbele ya kamati. Kila alipopita wakati wa Isha, sauti ya imamu ilipotea, na wazee wa safu ya kwanza walikasirika kwa haki. Nikatumwa mimi, nikiwa katibu, niende kuzungumza naye. Nilimweleza haki ya jirani na haki ya wanaoswali, akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Ustadhi, nisamehe, kesho nairudisha mafla." Akairudisha. Nikaandika katika daftari la kamati kuwa jambo limekwisha.

Majuma mawili baadaye alinipa lifti kutoka Mwenge. Kila alipokanyaga breki nilisikia sauti ya chuma kikisaga chuma kutoka gurudumu la mbele. Mimi si fundi, ila hata asiyekuwa fundi hujua kuwa sauti ile si ya heri. Sikusema neno. Alikuwa akinifanyia hisani, nami niliona haya kumtia dosari mtu aliyenipunguzia kusimama kwenye daladala. Nilimshukuru, nikashuka, nikaenda zangu. Naandika haya ili ijulikane kuwa niliwahi kumkemea kijana kwa kelele za gari lake, na nikanyamazia breki zake.

Ilitokea siku ya Jumatano baada ya Alasiri, wakati watoto wa madrasa wanatoka. Alipokaribia lango la msikiti alikanyaga breki, na kanyagio likazama hadi karibu na sakafu. Gari likapunguza mwendo kidogo tu. Alivuta hendibreki, akakata usukani, akajitia katika lundo la mchanga tulioununua kwa ujenzi wa mahali pa kutawadhia. Bampa lilivunjika, na watoto wote walikuwa salama, alhamdulillah. Miongoni mwao alikuwemo binti yangu wa miaka saba, na mchanga uliruka ukamfikia kwenye mtandio.

Gari lilipofunguliwa tulikuta pedi zimekwisha kabisa, diski imechimbika, na hosi ya mpira inayopeleka mafuta ya breki katika gurudumu la kushoto imepasuka kwa uzee. Vitu hivyo vyote kwa pamoja gharama yake ilikuwa chini ya bei ya rimu mbili. Kijana hakukosa fedha. Alichokosa ni mpangilio, nasi tuliomzunguka tulimsifia rangi.

Tangu siku ile alibadilisha njia. Fundi mmoja wa mtaani, mtu mzima mwenye gereji yake, alikubali kumwelekeza kila Jumapili, nami nikawa mshika taa. Niliyojifunza hapo nawapa wazazi, kwa kuwa baadhi yake ni mambo ya uhai.

La kwanza, asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishainuka liwekwe juu ya stendi, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa gogo au jiwe, na ardhi iwe ngumu. Mchanga wetu wa pwani huzamisha jeki polepole bila ya mtu kujua. Nasi chini ya kila stendi tulitanguliza ubao mpana na mnene.

La pili, mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakishachakaa huchemka upesi, breki zikapwaya. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila miaka 2 hivi, na mji wenye unyevu kama wetu si mahali pa kuchelewa. Wakati wa kutoa hewa katika breki watu huwa wawili: mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua na kufunga nati ya kalipa, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kwa magari mengi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Mafuta hayo yakidondokea rangi huila, na yakinywewa na mtoto ni sumu. Yafungwe na yawekwe juu.

La tatu, tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 2315, basi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2015. Matairi ya mtumba yaliyokuja na rimu zile pana yalikuwa na meno mazuri, lakini yalikuwa na miaka 14 na nyufa kama udongo wa kiangazi. Zile springi zilizokatwa nazo zilitolewa, zikawekwa zilizo kamili, kwa sababu springi iliyokatwa haikai vyema mahali pake.

La nne, nati za gurudumu hukazwa kwa kukingamana, si kwa kuzunguka, kisha hukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza. Rejeta haifunguliwi injini ikiwa ya moto. Na oili chafu haimwagwi mtaroni. Hukusanywa katika dumu na kupelekwa gereji, kwani mtaro wa Kawe mwisho wake ni baharini, na huko kuna ndugu zetu wavuvi.

La tano linahusu spea. Gari kuukuu spea zake ni adimu, na kwa ajili hiyo kishawishi ni kikubwa. Kijana alipotafuta kioo cha pembeni, mtu alimwambia asubiri hadi kesho yake, atampatia kilekile anachotaka kwa bei ya chini sana. Muuzaji asiyekuwa na duka, wala gari lililokatwa, wala risiti, anakipata wapi kioo kwa usiku mmoja? Sote tunalijua jibu, na wengi wetu tumewahi kuamka tukakuta gari la jirani halina vioo. Anayenunua mali aliyo na dhana yenye nguvu kuwa ni ya wizi amemsaidia mwizi. Kijana alikaa miezi mitatu akitafuta, mpaka alipokipata kwa muuzaji anayejulikana, cha rangi ya fedha kwenye gari jekundu.

Ndugu msomaji, ningependa kuishia hapo, ila mtihani mkubwa ulikuja baadaye. Mwaka huu kijana amechumbia, na akataka kuliuza gari apate mahari na gharama za walima. Gari kwa wakati huo lilikuwa zuri, lenye breki madhubuti. Lilikuwa na kasoro moja. Injini yake, aina ya 1ZZ-FE, kwa zile zilizotengenezwa miaka ya mwanzo, inajulikana kwa mafundi kuwa hula oili: vijitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, ringi zikashindwa kukwangua, na oili ikaungua pamoja na petroli. Gari huwaka na kwenda bila kulalamika. Mwenye kujua hupima kwa kijiti kila juma na kuongeza. Asiyejua huja kushtuka injini imekufa.

Akatokea mnunuzi, mwalimu wa shule, mwenye shilingi milioni 7 taslimu. Dalali akamshauri kijana atie oili nzito yenye dawa ya kuzuia moshi, nayo ingesitiri jambo hilo kwa muda wa kutosha. Usiku ule kijana alinijia nyumbani. Akasema, "Ustadhi, yeye hajauliza. Nami sitasema uongo. Je, kunyamaza ni dhambi?"

Nilimkumbusha kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula na vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji yule hakuwa ametamka uongo. Alikuwa ameweka kikavu juu na kilicholowa chini. Na mnajua Mtume (s.a.w.) alivyojitenga na mwenye kughushi. Kisha nikamwambia la kwangu: kwamba mimi niliwahi kunyamaza katika gari lilelile, na tuliyoyaona langoni yalikuwa matunda ya kunyamaza kwangu vilevile. Aliinamisha kichwa kwa muda. Akasema, "Bado siku arobaini, Ustadhi. Wakwe wamekwisha pewa tarehe."

Asubuhi alimwambia mwalimu yule kila kitu, na akampa daftari. Nilikuwa nimemzoesha kuandika kama tunavyoandika mihtasari ya kamati: tarehe, kilometa, kazi iliyofanyika, spea imetoka wapi. Mwalimu alilisoma, akashukuru, akaondoka na fedha zake. Hakurudi. Dalali alicheka. Ndoa imesogezwa mbele kwa miezi miwili, na kijana alikwenda yeye mwenyewe kwa baba mkwe kueleza sababu. Nilimsindikiza. Mzee yule alinyamaza, kisha akauliza tu mahari atayapunguza kwa kiasi gani ili tarehe mpya isikosewe.

Basi hili ndilo jibu langu kwa wazazi wale wawili. Mruhusuni, kwa masharti. Ashike breki, matairi na usukani kabla ya rangi na muziki. Awe na mtu mzima wa fani anayekagua kazi yake kabla gari halijatoka getini. Asitumie fedha ya chakula cha nyumbani, kwani hapo gari linageuka israfu. Aandike daftari. Nanyi mkisikia chuma kinasaga, semeni siku ileile, hata kama mmepewa lifti.

Gari bado lipo uani, linauzwa. Daftari limo kwenye droo ya dashibodi, na kijana amebandika ukurasa mpya mbele ya kurasa zote. Mstari wake wa kwanza unasema: Injini inakula oili, pima kila Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.